Kuhusu msasa kwenye katuni za kriketi

Ndugu, umeuliza kwa nini katuni za magazeti zinazowakejeli wachezaji wa kriketi huwachora na msasa, ule wa fundi seremala. Chanzo chake ni mechi ya Cape Town, Machi 2018, ambako kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akiukwaruza mpira kwa msasa, ili upinde hewani na kumchanganya mpigaji, kisha akauficha msasa huo ndani ya suruali. Nahodha Steve Smith na msaidizi wake David Warner walifungiwa miezi 12 kila mmoja, na Bancroft miezi 9.

Kriketi imejijengea sifa ya mchezo wa waungwana, wenye mavazi meupe na mapumziko ya chai, kwa hiyo mchoraji hana haja ya kutia chumvi nyingi: akichora nguo nyeupe pe na kipande cha msasa wa njano kikichungulia kiunoni, msomaji amekwisha kuelewa. Kashfa ya 2010 katika uwanja wa Lord's, London, iliyowapeleka jela wachezaji watatu wa Pakistan kwa njama ya kurusha mipira haramu kwa makusudi ili kupata hongo, ilikuwa nzito zaidi, lakini kwa maoni yangu haichoreki vizuri, kwa sababu bahasha ya noti inaweza kumhusu yeyote, hata diwani.

Sisi wa Dodoma, tuliozoea katuni za wabunge wanaosinzia vikaoni, tunaifahamu mbinu hiyo ya kumtambulisha mtu kwa kosa lake badala ya sura yake, na ndiyo maana hata asiyemjua Bancroft hucheka.