Nyumba Inauzwa, Mama Hali Chakula

SWALI: Baba alifariki mwaka jana. Tuko watatu, kaka zangu wawili na mimi. Nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, boriti za dari zimeanza kuoza na hatuna pesa za kuzibadilisha, kwa hivyo tumekubaliana kuuza. Mama hakukataa. Lakini dalali akija na mnunuzi, yeye huingia chumbani akajifungia, na siku hiyo hali. Tufanyeje?
Binti wa Kibokoni

JIBU: Binti yetu, mama aliyenyamaza bado hajakubali. Mshukuruni Mungu eda ilikwisha kabla hamjaanza. Wapo wanaoleta wanunuzi kabla ya ile miezi minne na siku kumi kutimia, na hilo mjane halisahau.

Anzeni na fungu lake. Wajane wengi hunyamaza kwa sababu hakuna aliyewaambia chao ni kipi, wakadhani watahamishwa pamoja na makabati. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane. Tuseme nyumba ni ya marehemu peke yake, wazazi wake hawako hai, na baada ya madeni na gharama zimebaki shilingi milioni 12. Mama ana milioni 1.5. Zinazosalia, milioni 10.5, hugawanywa mafungu matano: kila kaka mawili, yaani milioni 4.2, wewe moja, milioni 2.1. Mwambieni kwa takwimu, mkiwa wote watatu mmeketi naye, kisha mumuulize atakaa wapi na nani. Msimpangie zamu za kuzunguka kwa watoto kabla hajasema neno. Mahakama ya Kadhi mtakwenda tu, maana mauzo hayawezi kukamilika kabla ya hati za mirathi; basi aende naye, asiletewe karatasi za kutia sahihi jikoni.

Dalali naye apewe masharti. Siku mbili kwa wiki, baada ya alasiri, mama akiwa kwa dada yake au jirani. Bei isizungumzwe ndani ya nyumba, wala kasoro zake. Mnunuzi akisimama ukumbini akasema "hii ni ya kubomoa tu", maneno hayo hupenya ukuta wa chumba, hata uwe mnene wa mawe na chokaa.

Kwenye kufungasha ndipo wengi huharibu: huanza na nguo za marehemu, au chumba cha mama, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana vigumu na wanataka vipite. Anzeni stoo. Masufuria ya shughuli, mikeka, viti vilivyovunjika. Chumba kimoja kwa siku, kwa muda wa saa mbili basi, kwani mtu akichoka hutupa asichopaswa kutupa. Kabla hamjagusa kitu chumbani, pigeni picha kila ukuta, vidaka vikiwa na vyombo vyake, na mumrekodi mama kwa simu akieleza nani alizaliwa wapi na kisima kilichimbwa lini. Chumba chake kiwe cha mwisho kufunguliwa huku, na kitanda chake kiwe cha kwanza kutandikwa kule.

Mkiwa na asmini na mrehani uani, chukueni vipando miezi miwili kabla ya kuhama. Asmini ikatwe tawi lisilo laini wala gumu sana, urefu wa sentimita 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoeni majani ya chini na maua, pandeni kwenye kopo lenye mchanga nusu na udongo nusu, likae kivulini, likiwa na unyevu bila kulowa. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Mrehani ni mwepesi zaidi, tawi la sentimita 10 ndani ya glasi ya maji. Wanaokata siku ya kuhama, juani, vipando hunyauka njiani, na kurudi kukata vingine haiwezekani tena: ua la nyumba lina mwenyewe mpya. Kazi hii apewe mama.

Khitma ya kuaga isomwe mikeka ikiwa bado imetandikwa na majirani wapate kahawa barazani. Nyumba ikishakuwa tupu sauti hugonga kuta, na watu hulia kwa mwangwi ule kuliko kwa kitu kingine.

Jambo moja haliwezi kungoja. Kama anameza dawa za sukari au anajidunga insulini, siku ya kutokula ni hatari, sukari yaweza kushuka ghafla. Na akipitisha wiki mbili halali wala hali vizuri, mpelekeni kwa daktari.

SWALI: Kaka yetu aliye Ujerumani ataka tung'oe mlango wa nakshi tumpelekee, ndipo akubali kuuza. Mnunuzi asema mlango ni wake.
Kitinda mimba, Mji wa Kale

JIBU: Mnunuzi ana haki, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na hilo huandikwa kabla ya kupokea amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Lakini hata mkikubaliana, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946; kuuhamisha au kuutoa nchini bila kibali ni kosa. Waulizeni Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Tena fremu imejengewa ukutani. Ukiivuta, chokaa hupasuka na mbao hupinda. Kaka mpelekeeni nakala: bandikeni karatasi nyembamba juu ya nakshi, sugueni kwa ubavu wa mkaa laini mpaka maua yatokee, kipande kwa kipande. Pengine anachodai si mbao. Hakuwapo maziko?

SWALI: Tuliuza miezi mitano iliyopita, nami bado nikitoka kazini najikuta nimekunja kona ya kwetu Makadara. Naumwa?
Msomaji, Tudor

JIBU: Huumwi, ni miguu tu. Ukifika, msalimie jirani, keti barazani kwake, unywe kahawa yako uondoke. Wakianza kubomoa, pitia njia nyingine.