Ukikamatwa Leo, Nani Atatoa Gazeti Kesho?

Nimeendesha kijarida cha kurasa nne machimboni kwa miaka kadhaa. Mwandishi mimi, mhasibu mimi, msambazaji mimi. Habari moja ya tozo za maduara, yaani mashimo ya kuchimbia madini, ikanilaza rumande siku mbili. Siku mbili si kitu. Kilichoniumiza ni daftari langu la jalada jekundu, lililozuiwa kama kielelezo: nani anadaiwa pesa ya tangazo, nani aliniambia nini, stesheneri ipi inakubali kutoa kopi kwa mkopo. Kijarida hakikutoka wiki tano.

Ndipo nikasoma habari za Henry Seekamp. Mwaka 1854 alianzisha gazeti la Ballarat Times kwenye machimbo ya dhahabu ya Victoria, Australia, wakati huo koloni la Uingereza. Mchimbaji alitozwa ada ya leseni, apate dhahabu asipate, na polisi walimfuata hadi shimoni kuidai karatasi hiyo. Seekamp aliwatetea wachimbaji waziwazi. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 1854, askari walivamia boma la wachimbaji pale Eureka. Kesho yake wakamkamata yeye. Watu 13 walioshtakiwa kwa uhaini waliachiwa wote. Mhariri akahukumiwa miezi sita kwa uchochezi.

Gazeti halikufa. Mkewe, Clara, alishika uhariri, na katika toleo la 1 Januari 1855, damu ya Eureka haijakauka, alihoji kwa nini wachimbaji waitwe wageni: nchi ile ilikuwa ya Waingereza zaidi kuliko ya Waairishi au Wafaransa? Mama huyu namheshimu mno.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanzisha gazeti au blogu machimboni, kabla ya kutafuta printa tafuta Clara wako. Mwonyeshe hesabu. Mtambulishe kwa wanaokudai. Majina ya wanaokupa habari usiyaandike kwenye daftari la ofisi hata kidogo, daftari linakamatika. Na kila habari iwe na ushahidi mkononi kabla ya kuchapwa, maana atakayesimama kizimbani ni aliyechapa.

Mimi siku hizi kila Alhamisi nakaa na binti wa dada yangu, tunapitia kurasa mstari kwa mstari. Toleo la mwezi uliopita alilitoa peke yake, mimi nikiwa msibani kijijini. Nililisoma ndani ya basi nikirudi. Ukurasa wa mbele ulikuwa na habari ya karasha, mashine ya kusaga mawe, iliyomvunja mtu mkono, na mimi sikuwa nimeisikia.