Maswali ya Wasomaji: Flashi, filta ya ND na jua la utosi

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za watu nje, mara nyingi kati ya saa sita na saa nane mchana, maana ndio muda wateja wangu wanaoupata. Nina flashi ndogo ya kupachika juu ya kamera, lakini huwa naiweka kwenye stendi ndani ya softboksi, lile kasha la kitambaa la kulainisha mwanga. Lenzi yangu ni ya milimita 85, inafunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na ninachotaka ni nyuma ya mtu pafifie laini. Nikifungua lenzi, anga inaungua. Nikipandisha shata kwa HSS, yaani flashi kufanya kazi na shata ya kasi kubwa, flashi inaishiwa nguvu. Nikanunua filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu sita (kila stopu hukata mwanga kwa nusu). Sasa anga imekaa vizuri, ila uso umekuwa mweusi kama vile flashi haikuwaka, na niliiona kwa macho yangu ikiwaka. Je, nimeuziwa filta mbovu?

Jibu: Marahaba. Filta yako ni nzima, usiirudishe dukani.

Kilichokupata kimewahi kunipata, tena siku ambayo haikuwa na nafasi ya kurudia. Bibi harusi alikuwa amesimama juani, gauni jeupe, na mimi nina filta ya stopu sita niliyoinunua wiki hiyo hiyo. Picha ya kwanza, anga ya bluu safi, uso gizani. Ya pili vilevile. Nikapandisha flashi hadi mwisho, bado. Msaidizi wangu, kijana mtulivu asiye na maneno mengi, akanyanyua stendi akasogea nayo hatua mbili mbele hadi softboksi ikawa karibu kuingia kwenye fremu. Picha iliyofuata uso uliwaka. Sikuwa nimegusa kitufe chochote. Jioni ile nilikaa na karatasi na kalamu mpaka nikaelewa alichokifanya, na ndicho nitakachokueleza.

Filta imekaa mbele ya lenzi. Mwanga ukifika pale, filta haiulizi umetoka juani au kwenye flashi, yote inaikata kwa kiasi kile kile. Wengi huinunua wakidhani itapunguza jua na kuiacha flashi ipite. Haiwezi. Uwiano wa jua na flashi uliokuwepo kabla ya filta ndio utakaokuwepo baada yake. Filta inakupa kitu kimoja tu: ruhusa ya kufungua lenzi bila kuvuka kasi ya shata ambayo flashi inaweza kuifuata.

Tufanye hesabu ya kamera yako. Jua likiwa kali na anga safi, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na shata 1/200, picha hukaa sawa karibu na f/11. Kutoka f/11 hadi f/1.8 ni stopu tano na theluthi. Wewe umeweka filta ya stopu sita, kwa hiyo umekata zaidi ya ulichofungua, na mwanga wa jua umeshuka kwa theluthi mbili za stopu. Ndiyo maana anga imependeza. Lakini flashi nayo imekatwa hivyo hivyo: ili uso ukae sawa kwa f/1.8 nyuma ya filta hiyo, flashi inatakiwa iwe na nguvu ya kumwangaza mtu kwa f/14 bila filta. Rudia sentensi hiyo hadi ikae kichwani. Umefungua lenzi hadi f/1.8, lakini flashi bado inafanya kazi ya f/14.

Sasa, je, flashi yako inaiweza f/14 hiyo? Hukuniambia umbali, lakini wengi huweka stendi kama mita tatu. Chukua flashi yenye namba ongozi 36 kwa mita, ISO 100; namba hiyo ni kipimo cha nguvu ya flashi, ukiigawanya kwa umbali unapata namba ya f. Gawanya 36 kwa 3, unapata f/12. Softboksi yenye vitambaa viwili hula karibu stopu mbili, umebaki na f/6. Unahitaji f/14. Hapo uso utakuwa mweusi hata ukibadilisha filta kumi. Sogeza taa hadi mita moja na sentimita ishirini: 36 kwa 1.2 ni f/30, toa stopu mbili za kitambaa, unabaki na f/15. Umefika. Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne, yaani stopu mbili, na hakuna betri inayokupa hilo bure. Zaidi ya hayo, softboksi ikiwa karibu inakuwa kubwa machoni pa anayepigwa picha, na vivuli usoni vinalainika. Kama kingo za softboksi zinaingia kwenye fremu, ziache ziingie kidogo upande wa anga, utazifuta baadaye.

Kuhusu HSS: shata ya kamera yako ina mapazia mawili. Ukivuka kasi ya ulandanifu, yaani kasi ya juu kabisa ambayo shata na flashi huenda pamoja, 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, na kinachopita juu ya sensa ni ufa tu. Flashi ikiwaka mara moja, sehemu ya picha inabaki na mkanda mweusi. HSS inakwepa hilo kwa kuifanya flashi ipige vimweko vidogo vidogo mfululizo ufa unapopita, na mwanga mwingi unaishia kwenye pazia lililofungwa. Ukiingia tu HSS unapoteza karibu stopu mbili, na kila unapoongeza kasi ya shata mara mbili, flashi nayo inapoteza stopu nyingine. Ukiwa na filta, flashi inatoa pigo lake zima. Kwa flashi ndogo kama yako, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuna picha au hakuna.

Hata hivyo siiachi HSS. Kwa watoto wanaokimbia naichagua, kwa sababu kwa 1/200 juani mtoto anayeruka ataacha kivuli cha ukungu pembeni yake: flashi imemgandisha, jua limemvuta.

Na kabla ya hayo yote, mgeuze mtu. Mpe jua mgongo. Uso ukiwa kwenye kivuli chake mwenyewe, flashi haina haja ya kulishinda jua, inajaza tu, na jua linakuchorea ukingo wa nywele na mabega. Hapo uso ukiwa na giza kuliko anga kwa stopu moja bado picha inakubalika, wakati mwingine inapendeza zaidi. Naona wapiga picha wengi wakimpanga mtu akitazama jua, macho yamefinywa, halafu wanahangaika kutafuta taa kubwa zaidi. Inaniuma, maana dawa ilikuwa kumwomba azunguke tu.

Kwa lenzi yako ningeanza na filta ya stopu tatu au nne badala ya sita, na f/2.8 badala ya f/1.8. Kwa milimita 85 ukiwa karibu na mtu, f/2.8 inafifisha nyuma vya kutosha, na macho yote mawili yanabaki ndani ya fokasi.

Swali: Nina mita ya mkononi ya kupima mwanga. Nikiweka filta napimaje flashi?

Jibu: Mita haijui kwamba kuna filta. Njia rahisi ni kuidanganya kwenye ISO. Kamera ikiwa ISO 100 na filta ya stopu tatu, iweke mita ISO 12. Filta ya stopu nne, ISO 6. Namba itakayokuonyesha ndiyo ya kuweka kwenye lenzi. Kama mita yako haishuki hivyo, pima kwa ISO 100 kisha hesabu stopu kurudi nyuma: ikisoma f/11 na filta ni ya stopu nne, unafungua hadi f/2.8. Ukitumia TTL, kamera inapima kupitia lenzi, hivyo filta tayari imehesabiwa, lakini flashi ikiwa mbali itaishiwa nguvu bila kukuambia.

Swali: Filta yangu ni ile ya kuzungusha, kutoka stopu mbili hadi nane. Ngozi za watu zinatoka na rangi ya kahawia iliyochafuka, na mara nyingine anga ina doa jeusi lenye umbo la msalaba. Nifanye nini?

Jibu: Hizo ni polaraiza mbili zilizobebana, yaani filta zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Ukizizungusha kufikia mwisho wake, hasa kwenye lenzi pana, ule msalaba unajitokeza. Usivuke alama ya stopu tano au sita, na tumia lenzi ndefu. Kwa kuwa ni polaraiza, pia inaondoa mng'ao wa ngozi, na kwa ngozi nyeusi mng'ao huo ndio unaochora shavu na paji la uso. Kwa picha za watu mimi natumia filta isiyozungushwa, ya stopu tatu na ya sita, basi.

Rangi chafu inatibika. Mpe mtu ashike kadi ya kijivu chini ya flashi ile ile, filta ikiwa tayari kwenye lenzi, piga picha moja, na upangie weupe (white balance) kutoka hapo. Piga RAW, faili ghafi la kamera. Usipange weupe bila filta halafu ukaifunga.

Swali: Nanunua filta ya kipenyo gani? Lenzi zangu zina 58, 67 na 77.

Jibu: Ya 77, kisha pete mbili za kupandisha. Na fokasi ikianza kuhangaika chini ya filta nzito, ishike kwanza bila filta, uihamishie kwenye fokasi ya mkono, ndipo uifunge filta taratibu bila kugusa pete ya fokasi. Mtu akisogea hata hatua moja, rudia.