Mwanangu, kuhusu hiyo kamera

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeupata, na mama yako akausoma mara ya pili kwa sauti ili nisikie vizuri. Unauliza kama ununue ile kamera aliyokuonyesha mwenzako wa kazini au uendelee na simu, maana Dodoma, unasema, tangu Mei mpaka hii Septemba kila kitu kimekauka na huna cha kupiga. La kamera nitalifikia. Hilo la "huna cha kupiga" ndilo lililonikaa kooni.

Chagua mti mmoja. Sisemi mti mzuri, nasema mti unaoupita kila siku, na huko mibuyu mnayo ya kutosha. Tafuta pa kusimama, weka alama, jiwe au nguzo ya umeme, na kila wiki urudi papo hapo, kimo kile kile cha simu. Mahali pawe pamoja, majira ndiyo yapite. Nimelisema hili tangu hujaanza shule na nitalisema tena. Picha ya kwanza haitakufurahisha, na ya nne pengine nayo isikufurahishe. Zipange baadaye kwa mfuatano ndipo uone zinachosema.

Na usidhani jua ni lile lile. Hapo mko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua linakuwa upande wa kaskazini, limeinama karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba limeshavuka, liko kusini. Kwa hiyo ubavu wa mbuyu uliokuwa unapata jua la mchana Juni, Desemba uko kivulini, na mikunjo ya gome uliyokwisha kuizoea inapotea, inajitokeza mingine ambayo hukuijua. Mapema Oktoba, na tena mapema Machi, jua la saa sita linapita utosini kabisa na kivuli chote kinajikusanya chini ya matawi. Siku hizo mchana simu ikae mfukoni. Piga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Mwanga wa pembeni huonyesha kila kovu la gome. Mwanga wa juu hulilaza, likakosa umbo.

Kabla ya kupiga, futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule utando mweupe kila ukielekea jua. Gusa skrini juu ya gome na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Simu hupenda kung'arisha mno, matokeo yake anga lenu linabaki jeupe tupu. Afadhali kivuli kizidi weusi kuliko anga kuungua. Kivuli unaweza kukiinua baadaye, kilichoungua hakina cha kuinuliwa. Na kama simu yako haina lenzi ya pili ya mbali, usivute kwa vidole viwili, huko ni kukata picha tu. Sogea. Mguu ndio lenzi ya kwanza, hilo nalo umelisikia sana.

Mvua yenu ni moja, Desemba mpaka Aprili, si kama sisi huku Tanga wenye masika na vuli. Lakini kuelekea hizo mvua, wakati nchi bado ni vumbi, ndipo mbuyu unapochanua. Anza kuangalia vitumba Oktoba. Ua ni jeupe, linajaza kiganja, linaning'inia kwa kikonyo kirefu likiangalia chini, kwa hiyo ukilipigia mbali utapata doa tu. Ingia chini yake. Linafunguka jua likizama, popo wanalijia usiku kunywa maji yake matamu, na kesho yake limeshaanza kuwa la kahawia. Ukisema utalipiga kesho, umelikosa.

Unaukumbuka usiku ule kwenye mbuyu wa kwa bibi yako Pangani? Mimi na ile Zenit ya babu yako, kamera ya filamu, wewe na tochi uliyoifunika leso nyeupe ili mwanga usikwaruze. Nilikwambia uishike ubavuni mwa ua, usiielekeze usoni mwake, na hukutikisika. Kitumba kilipasuka tukikitazama, petali zikajikunja nyuma moja baada ya nyingine, na lile shada la nyuzi likatoka chini yake. Bado naifurahia picha ile kuliko zote nilizopiga studio. Halafu akaja yule bwana wa kalenda, akaazima negativu, kile kipande cha filamu chenye picha yenyewe. Kalenda ilipotoka, walikuwa wameigeuza picha juu chini! Ua la mbuyu linaangalia mbinguni! Nilipomwendea akaniambia ndivyo maua yanavyokaa. Negativu hakuirudisha hadi leo. Mama yako anasema niliache, na mimi nasema mtu aliyewahi kusimama chini ya mbuyu mara moja tu asingefanya vile. Kwa hiyo wewe picha halisi usimpe mtu. Mpe nakala.

Haya, kamera. Kwa mti, kwa gome, kwa mabawa ya kumbikumbi yaliyonata dirishani baada ya mvua ya kwanza, simu inatosha. Tone la maji nalo linawezekana: sogea mpaka kama sentimita 10, na ndani ya tone utauona mti wa nyuma umepinduka. Lakini mbayuwayu wanaotoka Ulaya na kukaa kwetu mpaka kama Aprili, hao simu haiwafikii. Wanataka lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 300 kwenda juu, na kasi ya kupiga ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde au zaidi. Kwa hiyo kamera ina kazi yake, siwezi kukataa. Ingawa ua la usiku, ambalo ndilo ningependa ulipate, kinachohitajika ni stendi, ile ya miguu mitatu ya kusimamishia simu au kamera. Simu ikipiga gizani hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, mkono ukitetemeka ua linakuwa ukungu, na kamera ya bei yoyote bila stendi itafanya vivyo hivyo. Kisha upepo nao ukilitikisa ua, hata stendi haikusaidii. Unangoja utulie.

Ukiinunua, ujue kubadilisha lenzi nje huko wakati wa kiangazi ni kukaribisha vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Izime, ielekeze mdomo chini, upepo uukinge kwa mgongo. Pulizia kwa kile kipira cha kupulizia, si kwa mdomo, maana mate hukaukia humo. Na ukija nayo huku kwetu, adui ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba nyeupe, na zikishakula kioo hakuna fundi wa kukirudisha. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, wala usiitunze kwenye mkoba wa ngozi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa kabla ya kuifungua nje.

Ununue au usinunue, sisemi. Jibu ninalo mdomoni, lakini tangu lile la chuo mama yako kanikataza kukuamulia. Stendi nunua. Hiyo si kuamuliwa.

Picha za mbuyu nitumie WhatsApp kama dokumenti, usizitume kama picha, maana zinabanwa na gome lote linapotea. Na uandike tarehe na saa kwenye kila moja.

Baba yako,
Tanga