Je, mwanamke aingie kati kusuluhisha watu wakati wa maradhi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Beni, Kivu Kaskazini, mwosha maiti za wanawake. Wakati wa Ebola wafiwa waligombana na timu za mazishi, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa kwetu kwa sababu ya ugonjwa na vita, vijana wakavamia kituo cha Ebola. Sisi akina mama tukapita nyumba kwa nyumba kuwatuliza. Korona ilipokuja, tukaendelea. Shemeji yangu anasema sulhu ni ya wanaume, na wakati wa maradhi mwanamke akae ndani. Tulikosea?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Hamkukosea. Katika Suratun Nisaa, aya ya 114, Allah anasema hakuna kheri katika mengi wanayonong'onezana watu, ila ya mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kusuluhisha baina ya watu. Wanaume peke yao hawakutajwa.

Mkumbushe shemeji yako Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba wa amani na Makureshi wa Makka umeshaandikwa, Masahaba wana uchungu wa kuzuiwa kuingia Makka. Mtume (s.a.w.) akawaambia mara tatu wainuke wachinje na wanyoe, hakuinuka hata mmoja. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Bibi akamwambia: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako, mwite kinyozi wako akunyoe. Akafanya hivyo, nao wakainuka, wakachinja na kunyoana. Imo katika Sahihi Bukhari.

Ummu Salama aliona kwamba wale hawakuwa waasi, bali walikuwa na majonzi, na maneno yalikuwa yamekwisha kazi. Ndivyo walivyo wafiwa wenu. Mtu ambaye mama yake amechukuliwa ndani ya mfuko, na watu asioziona hata nyuso zao, hotuba itamwingia wapi? Lakini wewe, uliyewaosha bibi na shangazi zake, ukisema, "Leo hata mimi siugusi mwili huu," atakusikia kuliko gari la vipaza sauti. Na kisheria uko sawa: josho likiwa na madhara huanguka, maiti hutayamamishwa (hupakwa vumbi safi usoni na mikononi badala ya maji), na hilo likishindikana nalo huanguka. Swala ya jeneza inabaki.

Ama kukaa ndani, Hadithi ya tauni inakataza kuingia palipo na ugonjwa na kutoka kwa kuukimbia. Hapo shemeji naye amo, labda awe na kinga tusiyoijua!

Nina tahadhari moja. Ummu Kulthum bint Uqba, naye mwanamke, amepokea kwa Mtume kwamba si mwongo anayesuluhisha watu. Ruhusa hiyo ni ya kupeleka neno jema kwa waliogombana. Isifike mkawaambia vijana kwamba ugonjwa umekwisha ili warudi nyumbani, kwani kesho atakufa mtu, na hamtaaminiwa tena, si katika ugonjwa wala katika sulhu.

Wallahu aalam.