Re: Mabaka ya kahawia kwenye majani ya bamia – ni kantangaze?

Mkuu uliyeuliza kutoka Kisesa, kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hula ndani ya majani, anapenda nyanya na jamii yake, kwa hiyo kwenye bamia mimi simpi kesi. Hicho kitone cheusi kinachong'aa juu ya jani ndicho kimenishtua zaidi kwenye picha yako. Nahisi ni yai la mbawakavu wa jenasi ya Trachys.

Chana baka taratibu kwa kucha, uangalie kwenye mwanga wa jua. Buu lake ni bapa kabisa, halina miguu, linakula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili. Ukikuta mwenye miguu, huyo huenda ni kiwavi wa nondo. Trachys hugeuka pupa humohumo ndani ya jani, kisha hutoka akiwa na milimita 2 hadi 4, anang'aa kama shaba, na kuanza kutafuna kingo za majani. Ndugu zake wengi hutoboa miti. Hawa wamechagua majani.

Trachys wapo Afrika, Asia na Ulaya. Marekani wana ndugu zao wa jenasi ya Brachys, wa kwenye mialoni.

Dawa weka kando kwanza. Chuma majani yenye mabaka uyachome, na kagua magugu ya jamii ya bamia pembeni mwa shamba.