Tabata ya dakika 4 kila siku: niongeze muda?

SWALI: Mtaalamu, pole na kazi. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa, na asubuhi nina dakika 15 tu. Mwezi mzima nimefanya Tabata kila siku: sekunde 20 naruka au nachuchumaa, sekunde 10 napumzika, mara 8. Uzito haujashuka na goti la kulia limeanza kuuma. Niongeze ziwe dakika 8? Na lile koti la nailoni la kutoa jasho, linasaidia?

JIBU: Usiongeze, na koti usilinunue. Jasho ni maji. Ukinywa, uzito unarudi, na mwili ulionyimwa nafasi ya kupoa huchoka mapema.

Kinachoniudhi ni hizi dakika 4 zinazouzwa kila kona kwa jina la Tabata. Izumi Tabata na wenzake wa Japani walichapisha utafiti wao mwaka 1996. Waliopimwa walikuwa vijana waliozoea mazoezi, wakiendesha baiskeli ya maabara kwa mzigo wa takriban asilimia 170 ya ule unaofikisha mwili kwenye kilele cha kutumia oksijeni. Walipasha mwili kwanza kwa dakika 10. Waliishia raundi ya 7 au ya 8 kwa sababu miguu iligoma. Wauza video wamechukua zile sekunde, mzigo wakauacha.

Muda mfupi unalipa pale tu nguvu inapokuwa kubwa kweli, na nguvu ya namna hiyo haifanyiki siku 7 mfululizo. Ukiweza kuifanya kila siku, ujue unajibania bila kujijua. Jipime hivi: kama raundi ya nane unaruka mara nyingi sawasawa na ya kwanza, hukufika. Huko chuo kikuu cha McMaster, Canada, utafiti wa mwaka 2016 uliwapa wanaume wasiofanya mazoezi mbio za baiskeli za sekunde 20 mara 3 tu, ndani ya kipindi cha dakika 10. Baada ya wiki 12 uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka sawa na wa wenzao waliopiga baiskeli dakika 45 kwa mwendo wa kawaida. Lakini walifanya siku 3 kwa wiki, si 7.

Kwako, acha kuruka hadi goti litulie. Misuli ikichoka, magoti huingia ndani wakati wa kutua, na hapo ndipo yanapoumia. Tumia baiskeli ya mazoezi, au panda mlima mfupi kwa kasi. Ngazi ziache kwa sasa, maana kuzishuka kutalichokoza goti hilohilo. Pasha mwili dakika 4, ukimalizia na vipande viwili vya kasi vya sekunde 10. Kisha sekunde 40 kwa nguvu hadi usiweze kutamka zaidi ya maneno mawili matatu, halafu dakika 1 polepole. Anza na raundi 4, na baada ya wiki 3 fika 6. Malizia kwa dakika 1 ya kutembea. Siku 3 kwa wiki, usizifuatanishe. Siku mbili nyingine fanya pushapu na kusimama kutoka kwenye kiti, taratibu. Usitegemee sana hesabu ya 220 kutoa umri, ile ya kukadiria kilele cha mapigo ya moyo kwa dakika: inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Pumzi yako haidanganyi.

Uzito ni suala la sahani. Dakika 4 haziunguzi hata kalori 100, na ule "moto unaoendelea kuwaka siku nzima" wanaoutangaza ni mdogo mno kubadilisha mkanda wa suruali.

Na hili ni kwa wote mnaoniandikia kuhusu changamoto za skwati mia tatu kwa siku na poda za kuongeza mzuka. Aliyekaa miaka bila mazoezi apime presha kabla ya kujisukuma hadi mwisho. Poda nyingi za aina hiyo zina kafeini nyingi inayopandisha mapigo na presha, kabla hata hujaanza kukimbia. Maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya raundi: simama, tafuta daktari. Na siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya makali, misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, misuli inavunjika na uchafu wake unaziba figo. Usisubiri kesho wala usijichue dawa ya misuli. Nenda hospitali siku hiyohiyo.